Kamba nyekundu: namna nilivyoharibu ambalaji ya Mama, kisha nikaitengeneza

Wengi wetu tukimaliza masomo, kazi ya kwanza inatoka kwa mtu wa karibu: jirani, mama wa kanisa, rafiki ya shangazi. Mimi yangu ilikuwa unga. Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, anatengeneza masosoma, ule unga wa uji wa mahindi, mtama na soya. Alikuwa anauzisha sashe za nusu kilo, kama 150 kwa juma. Siku moja akaniita: «Mwanangu, wewe umesoma mambo ya kuchora kwenye mashini. Nitengenezee sashe ya kisasa, na mimi niingie mu supermarshe.»

Nilifurahi sana. Nachora kwa mkono tangu utoto, na grafiki njo niliyosomea. Nikaangalia sashe yake ya zamani, nikaona aibu. Plastiki inayoonyesha ndani, karatasi ya fotokopi imetiwa katikati, herufi zimepinda, picha ya mtoto mchanga iliyotolewa kwenye intaneti, na juu imefungwa kwa kamba nyekundu. Nikafuta vyote. Nikachora sashe nyeusi isiyong'aa, herufi nyeupe nyembamba, kijiko kidogo cha rangi ya dhahabu, na maneno ya Kifaransa tu. Kwenye ekrani ilikuwa nzuri, kwa kweli. Wenzangu wa promosheni walinipongeza.

Nyumba ya kuchapisha haikukubali kutoa chini ya sashe 2,000. Mama alikuwa amefikiwa na zamu yake ya likelemba, akatoa pesa yote. Mwezi wa kwanza hakuuzisha hata nusu ya vile alivyozoea.

Nilienda kukaa naye sokoni asubuhi mbili. Kusema ukweli, asubuhi hizo zilinifundisha kuliko mwaka mzima wa darasa. Meza yake iko chini ya turubai ya buluu, na chini ya turubai mwanga ni kidogo. Sashe nyeusi zilikuwa zimekaa pale kama kivuli. Mnunuzi hasimami mbele ya meza akisoma. Anapita mita mbili kutoka pale, ana mtoto mgongoni, watu wanamsukuma, macho yake yanakimbia juu ya vitu. Ana sekunde moja au mbili. Herufi zangu nyembamba, zile nilizozipenda, kwa umbali huo hazikuonekana kabisa.

Mama mmoja alisimama, akachukua sashe, akaigeuza. «Hii iko dawa ya panya?» Mwingine akaibonyeza kwa vidole: «Ndani muko nini?» Alitaka kuona unga. Anajua kwa macho kama soya imekaangwa vizuri, ju rangi inabadilika kidogo kuelekea kahawia. Mimi nilikuwa nimemfungia dirisha. Kisha akakuja binti mdogo ametumwa na mama yake, pesa imekunjwa mkononi. Akaangalia meza yote, akasema: «Mama amesema nilete ile ya kamba nyekundu.» Nikamwonyesha sashe yangu, nikamwambia ni unga ule ule. Akakataa, akaenda meza ya mbele.

Pale nikaelewa. Ile kamba njo ilikuwa jina la bidhaa. Hakuna mtu aliyekuwa anasoma karatasi ya fotokopi. Watu walikuwa wanaita «ile ya kamba nyekundu», na mimi nilikuwa nimeikata.

Kosa hili linaweza kumpata hata mkubwa. Mwezi wa kwanza 2009, kule Marekani, kampuni ya PepsiCo ilibadilisha boksi ya maji ya machungwa ya Tropicana. Ya zamani ilikuwa na chungwa lililochomekwa mrija. Waliliondoa, wakaweka glasi ya juisi, na jina wakaligeuza lisimame wima. Wanunuzi wakapita mbele ya rafu bila kuitambua, wengine wakadhani ni bidhaa ya bei ya chini. Mauzo yalishuka kama asilimia 20 kwa muda usiofika miezi miwili, na kampuni ikarudisha chungwa na mrija wake. Ile juisi ndani ilikuwa ile ile. PepsiCo iliweza kulipa hasara hiyo. Mama wa Kadutu alikuwa na likelemba.

Basi siku hizi kabla ya kufungua kompyuta nauliza swali moja: watu wanaitaje kitu hiki wakimtuma mtoto? Jibu lile haliguswi. Linaweza kusafishwa, kukuzwa, kuchorwa upya, lakini halitoki. Mengine yote tunaweza kuyajadili.

Si kwamba sashe ya zamani ilikuwa sawa. Ile picha ya mtoto mchanga amelala ilikuwa hatari, na hapa naomba musome polepole, ju ni jambo ambalo hatukufundishwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha chakula kingine kianze huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Mwongozo wake wa 2016 juu ya vyakula vya watoto unasema ambalaji isiwe na picha wala neno linaloweza kuonyesha kwamba chakula kinafaa kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na isishauri chupa ya kunyonyesha. Sasa fikiria mama kijana asiyejua kusoma, ana mtoto wa miezi 2, anaona sashe yenye picha ya mtoto wa miezi 2. Amesoma, kwa njia yake. Picha imemwambia mpe. Na mimi katika sashe nyeusi sikuandika umri popote, nilikuwa nashughulika na kijiko cha dhahabu.

Safari ya pili nilichora kwa mkono, kalamu na wino. Mtoto amekaa mwenyewe, mgongo umenyooka, mbele yake kuna kikombe na kijiko. Mtoto anayekaa hivyo si mchanga, na kila mama anajua hilo bila kusoma. Chini yake nikaandika kwa herufi nene, kwa Kiswahili kwanza na Kifaransa baadaye: kuanzia miezi 6, endelea kumnyonyesha. Nilirudia mchoro ule labda mara kumi na tano, ju kila mara kichwa kilitoka kikubwa mno na mtoto akaonekana mdogo tena.

Nilienda pia nyumbani kwake kuangalia anavyokaanga soya. Anaikaanga mpaka harufu inabadilika, anaonja, anarudisha motoni. Ana haki: soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuvunja protini, na moto unavipunguza nguvu. Ile njo kazi yake kubwa kuliko zote, na hakuna etiketi iliyowahi kuisema. Sasa inasema, mstari mmoja: soya iliyokaangwa.

Namna ya kuchapisha tulibadilisha kabisa. Tulirudi kwenye plastiki inayoonyesha unga, na juu yake etiketi ya karatasi ya kubandika. Etiketi unaweza kuchapisha 200 tu, ukiona kosa unarekebisha, hakuna mtu anapoteza likelemba. Sehemu ya juu ya sashe sasa inafungwa kwa moto ili unyevu usiingie, kwa hiyo kamba ya kweli haina tena kazi. Lakini etiketi ina ukanda mwekundu mpana, na katikati nimechora fundo. Ukiwa mbali unaona kamba.

Ule wekundu ulinisumbua. Ekrani inatengeneza rangi kwa mwanga, mashini ya kuchapisha inatengeneza kwa wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Rangi inayowaka kwenye ekrani inaweza kutoka imezimika kwenye karatasi. Kwa hiyo tangu mwanzo nilifanya kazi katika rangi za wino, majenta 100 na njano 100, nikaomba karatasi moja ya majaribio kabla ya kulipa. Nikaacha milimita 3 za rangi kupita mstari wa kukata, ili kisu kikiteleza usione ukingo mweupe. Na tarehe ya mwisho pamoja na namba ya loti nikaziwekea fasi nyeupe isiyong'aa. Juu ya plastiki inayong'aa wino wa muhuri unafutika kwa kidole, na unga bila tarehe, supermarshe ya maana haiwezi kuupokea. Uzito, viungo (kinachozidi kwa uzito kinatangulia), jina na adresi ya mtengenezaji pia viliingia.

Kodi bare karibu niiharibu. Nilitaka ile mistari iwe myekundu, ifanane na kamba. Mashini nyingi za kuisoma zinatumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mstari mwekundu juu ya karatasi nyeupe hauonekani kabisa. Niliirudisha nyeusi. Kipimo chake cha kawaida ni karibu milimita 37 kwa 26, unaweza kuipunguza mpaka asilimia 80, si zaidi, na pembeni uache nafasi nyeupe.

Kabla ya kuchapisha nilitoa etiketi tatu kwa printa ya kawaida, nikazibandika, nikaziweka mezani kwa Mama saa kumi na mbili jioni, umeme haupo, watu wanatembea na toroshi ya telefone. Nikasimama mbali, nikamwomba jirani yake aulize wapita njia: hii ni nini, ni ya nani? Etiketi niliyoipenda mimi ilishindwa. Ilishinda ile yenye ukanda mpana kabisa, ambayo kwa macho yangu ya shule ni nzito kidogo.

Juma la tatu Mama alirudi kwenye sashe 150 zake, na kisha zikazidi kidogo. Supermarshe moja ya Ibanda imechukua katoni mbili za kujaribu. Etiketi za kwanza nilizilipa mimi, na pesa ya likelemba namrudishia pole pole, tumekubaliana hivyo. Sashe nyeusi zilizobaki anawekamo mbegu za maharagi.

Akinitambulisha kwa wenzake sokoni, anacheka kwanza: «Huyu njo aliniletea dawa ya panya.» Kisha wananiuliza bei.