Nishati Hupita Njia Gani? Mfumo-ikolojia wa Garissa na Kisa cha Hirola

Makala haya yanadhamiria kufafanua dhana chache za msingi za ikolojia, hususan mtiririko wa nishati, kwa mifano ya Garissa na viunga vyake. Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika uwanja wa wanabiolojia. Istilahi za sayansi tunazo kwa Kiswahili. Nyingi zilikusanywa katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Hata hivyo, istilahi isiyotumiwa kueleza yale tunayoyaona kwa macho hubaki kabatini.

Mfumo-ikolojia, dhana iliyopewa jina na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935, ni jumla ya viumbe wa mahali fulani pamoja na udongo, maji, hewa na mwanga, vyote vikitegemeana. Ndani yake hupita vitu viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: maada na nishati. Maada huzunguka. Samadi ya mbuzi na mzoga wa ngamia huvunjwavunjwa na mchwa, kuvu na bakteria, virutubisho vikarudi udongoni na mmea ukavifyonza upya. Nishati haina safari ya kurudi. Huingia kwa mwanga wa jua, ikanaswa na majani kwa usanidinuru (takribani asilimia 1 tu ya mwanga, na penye ukame hupungua zaidi), kisha ikapita kwa mla majani na baadaye kwa mla nyama. Katika kila hatua sehemu kubwa hupotea kama joto.

Mmarekani Raymond Lindeman ndiye aliyeuweka utaratibu huu bayana katika makala yake ya mwaka 1942, ambayo hakuwahi kuiona ikichapishwa kwani alifariki akiwa bado kijana. Kutokana na kazi ya namna hiyo ikazoeleka kanuni ya asilimia 10, yaani sehemu moja tu kati ya kumi ya nishati huvuka kutoka hatua moja hadi nyingine. Hicho ni kipimo cha kukadiria. Kwa mnyama mwenye damu moto, kinachogeuka kuwa nyama ni kidogo zaidi, maana mbuzi atembeaye kutwa kutafuta maji huiteketeza nishati yake njiani.

Wapo wanaoufananisha mtiririko huu na mto. Mfano wa Tana unafaa, lakini nusu tu. Mto huo huteremka kutoka nyanda za juu, ukapita Garissa na kuishia Bahari ya Hindi bila kugeuka nyuma. Ila maji yake huweza kurudi kwa mvua. Joto lililotoka mwilini mwa mbuzi haligeuki tena kuwa jani.

Tukielewa hivyo, tutautazama kwa jicho jingine ufugaji wa Wasomali wa eneo hili. Kumchinja ngamia ni kuvuna mara moja kile kilichobaki baada ya miaka mingi ya kuteketeza nishati. Kumkama ni kuvuna kila siku, na tena nishati ya malisho hugeuka kuwa maziwa kwa ufanisi mkubwa kuliko inavyogeuka kuwa nyama. Mfugaji asiyependa kuchinja ovyo hufanya hesabu ambayo Lindeman angeikubali.

Hapa ndipo neno letu “malisho” linapotupunja. Linajumuisha nyasi na majani ya miti pamoja, ilhali kwa mnyama tofauti ya viwili hivi yaweza kuwa uhai au mauti. Ng'ombe hutegemea zaidi nyasi. Ngamia, twiga na swala twiga hula majani ya miti na vichaka. Mizizi ya mti hufika chini zaidi, hivyo mti huweza kuwa na majani wakati nyasi zimekwisha.

Hirola ni mla nyasi. Swala huyu, mwenye mstari mweupe unaounganisha macho yake, asili yake ni mpakani mwa Kenya na Somalia tu. Katika miaka ya 1970 walikuwa maelfu; leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwaua wengi. Lakini ugonjwa ulipopita, kwa nini hawakuongezeka tena? Utafiti wa Abdullahi Ali na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba miti ilikuwa imeenea mahali palipokuwa mbuga za nyasi. Tembo, ambao huangusha miti na kuacha nafasi wazi, walikuwa wamepungua mno, na nyasi zililishwa kupita kiasi. Jua halikupungua Garissa. Nishati iliendelea kunaswa, ila ilinaswa na migunga, na njia iliyoelekea kwa hirola ikazibwa.

Mathenge ni kisa cha aina hiyo hiyo. Mti huu uliletwa nchini kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kutoa kuni, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu. Umestawi kijani kibichi kandokando ya Tana, lakini mifugo haipendi majani yake. Huyala maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi. Mgeni apitaye kwa gari huona neema pale ambapo mwenye ng'ombe haoni chochote cha kula.

Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilipofeli, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Nishati iliyobaki katika mizoga ikawafikia tumbusi, fisi na bakteria, si wachungaji.

Huko Ishaqbini, katika eneo la Ijara, jamii ilitenga hifadhi mwaka 2007, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya ua usiopenywa na wanyama wawindaji. Wameongezeka zaidi ya maradufu. Nje ya ua kazi ni ngumu zaidi: wenyeji wanakata miti iliyovamia na kupanda nyasi upya, wakisubiri mvua.