Nepal na India: bei ya pesa haibadiliki tangu 1993, lakini raia wamelipa

Wakaaji wa Bunia na wa Goma wanawajua askari wa Nepal na wa India kwa sababu ya miaka mingi ya MONUSCO. Wachache kati yetu wanajua kwamba nchi hizo mbili jirani zina jambo ambalo mbadilisha pesa wa soko la Virunga angelishangaa kulisikia: tangu tarehe 12 mwezi wa pili mwaka wa 1993, rupia 100 za India zinabadilishwa kwa rupia 160 za Nepal. Asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, kiwango ni kilekile.

Pesa zote mbili zinaitwa rupia. Ili wasichanganye, wafanyabiashara wa mpakani husema « IC » kwa ile ya India na « NC » kwa ile ya Nepal. Mpaka wenyewe una urefu wa zaidi ya kilomita 1 700, na raia wa pande zote mbili wanauvuka bila viza. Ni kwa sababu hiyo kwamba zamani, katika mabonde ya kusini mwa Nepal, watu walinunua na kuuza kwa pesa ya India kuliko kwa pesa ya nchi yao.

Benki kuu ya Nepal, Nepal Rastra Bank, ilianzishwa mwaka wa 1956. Kazi yake moja kubwa ilikuwa kuipa rupia ya Nepal nguvu nyumbani kwake. Mwaka wa 1960, ilifunga kiwango: 160 kwa 100.

Miaka sita baadaye, kiwango hicho kilivunjika. Mwezi wa sita mwaka wa 1966, India ilishusha thamani ya rupia yake: dola moja, iliyokuwa rupia 4,76, ikawa rupia 7,50. Nepal ilikataa kufuata. Ghafla, rupia 100 za India zikawa sawa na karibu 101 za Nepal. Mkulima wa Nepal aliyezoea kuuza mchele India akajikuta anapata pesa kidogo kwa gunia lilelile. Nepal ilivumilia mwaka mmoja na nusu tu. Mwisho wa 1967, nayo ikashusha pesa yake, na kiwango kikawa 135.

Toka hapo kiwango kilipanda na kushuka mara kadhaa. Mwaka wa 1985 kilifika 170, kisha kikarudi pole pole chini. Mwaka wa 1993 kikasimama tena pale kilipokuwa mwaka wa 1960.

Faida na mzigo

Sababu ya kukishika ni rahisi kuelewa. Karibu theluthi mbili za biashara ya Nepal ni pamoja na India. Mafuta ya gari yote yanatoka huko. Kama kiwango kingebadilika kila siku, bei ya chumvi, ya nguo na ya usafiri ingebadilika nayo. Muuzaji wa Birgunj, mji wa mpakani, anaweza kuagiza mali leo na kulipa mwezi ujao akijua hesabu yake haitavurugika.

Lakini kiwango hiki hakijishikilii chenyewe. Nepal inanunua India vitu vingi kuliko inavyouza, kwa hiyo benki kuu inapaswa kuuza dola ili kupata rupia za India. Dola hizo zinatoka zaidi kwa Wanepali wanaofanya kazi Qatar, Malesia, Saudia na kwingine, wanaotuma pesa nyumbani. Mwaka wa 2022, akiba ya dola ilipopungua, serikali haikugusa kiwango. Ilikataza kwa miezi kadhaa kuingiza magari, pombe na simu za bei kubwa.

Tena, rupia ya India ikianguka mbele ya dola, ile ya Nepal inaanguka pamoja nayo. Mwaka wa 1993 dola moja ilikuwa karibu rupia 50 za Nepal. Mwisho wa 2022 ilikuwa zaidi ya 130. Uamuzi unachukuliwa India, na Nepal inaufuata.

Usiku wa tarehe 8

Siku ambayo Wanepali walielewa hatari hiyo vizuri zaidi, kiwango hakikusogea hata kidogo. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 2016, waziri mkuu wa India, Narendra Modi, alitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1 000 hazina thamani tena kuanzia saa sita ya usiku.

Raia wa India walipewa hadi mwisho wa mwaka kuzipeleka benki. Ngambo ya mpaka, vibarua waliotoka India na mshahara wao mfukoni, pamoja na wauzaji wadogo, walibaki na noti ambazo benki za Nepal hazikuruhusiwa kuzipokea. Tangu 2015, India ilikuwa imewaruhusu kuvuka na noti hizo hadi rupia 25 000, yaani rupia 40 000 za Nepal. Benki kuu mbili zilizungumza, lakini siku ya mwisho ilifika bila raia hao kupata dirisha la kubadilisha.

Kwenye karatasi, 100 zilikuwa bado 160. Mikononi mwao, zilikuwa sifuri.

Mwezi wa 12 mwaka wa 2018, Nepal ilijibu kwa kukataza noti zote za India zinazozidi rupia 100. Kiwango chenyewe haikukigusa. Nchi ndogo iliyozungukwa na jirani mkubwa upande wa kusini, mashariki na magharibi iliona kwamba kuacha kiwango hicho kungeigharimu zaidi. Iliamua tu kwamba raia wake wasiweke tena akiba ya nyumba katika noti ambazo serikali nyingine inaweza kuziua kwa hotuba moja ya usiku.