Silia si Nywele: Utando wa Sainasi Chini ya Hadubini

Sainasi ni mianya ya hewa iliyomo ndani ya mifupa ya uso na fuvu. Ziko jozi nne, na kubwa kuliko zote ni zile za mashavuni. Mfasiri anayeandika kwamba mianya hiyo imefunikwa kwa “ngozi yenye nywele ndogo” hupotosha mara mbili.

Ngozi ina tabaka la juu la seli zilizokufa na kukauka, ilhali sainasi imetandwa na utando wa ute, mbichi daima. Chini ya hadubini, seli za utando huo huonekana kana kwamba zimepangwa safu juu ya safu, kwa kuwa viini vyake viko kwenye vimo tofauti. Kumbe kila seli imekita chini, katika tandiko moja. Baina yake zimo seli zenye umbo la bilauri, zitoazo ute; hizi ni chache katika sainasi kuliko puani. (Ute, si kamasi: kamasi ni kile kinachopengwa.)

Kuhusu “nywele”, upotofu ni mkubwa zaidi. Unywele hauna uhai, na nywele za pua huishia karibu na mlango wa pua. Silia ni sehemu ya seli hai. Seli moja huwa nazo takriban 200, na ndani ya kila silia mna jozi 9 za mirija midogo sana zilizoizunguka mirija 2 ya kati. Hupiga mara 10 hadi 20 hivi kwa sekunde, zikipokezana kama mawimbi.

Tundu la sainasi ya shavuni liko juu, karibu na dari yake. Mtu akisimama, ute hauwezi kumwagika wenyewe. Sharti ukwezwe, na silia ndizo ziukwezazo. Hata mpasuaji akitoboa tundu jingine chini, ute huendelea kupandishwa kuelekea tundu la asili. Msomaji aliyeambiwa “nywele” atawaza chujio tu, asielewe kwa nini mafua au moshi wa sigara, kwa kuzidhoofisha silia, huuacha ute umetuama na bakteria wakazaliana humo.

“Vinyweleo” navyo havifai: hivyo ni vya ngozi, ndivyo visimamavyo mtu aonapo baridi. Afadhali kuandika “silia”, na mara ya kwanza kuongeza “yaani vijinyuzi hai vya seli”.