Harufu ya marashi ya gari imekuzidi? Itoe hivi, usiifunike

Kiembe Samaki, barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ni njia ya teksi na gari za kubebea wageni mchana kutwa. Nyingi hushinda juani zikisubiri ndege kutua. Abiria anapofungua mlango, kitu cha kwanza kumpokea si dereva, ni harufu: vanila, "gari mpya" au ndimu ya dukani, kali hadi macho yanawasha.

Wapo wanaoipenda. Lakini mwenye pumu anaweza kubanwa kifua, mwenye kipandauso kichwa kikaanza kugonga, na mtoto akatapika kabla ya kufika mjini. Kwa dereva wa teksi hilo ni suala la riziki. Abiria hatasema kitu, atashuka tu, na kesho ataita gari nyingine.

Wengi hung'oa kikopo na kukitupa, halafu hushangaa harufu ipo vilevile baada ya wiki. Sababu ipo.

Kwa nini haitoki?

Marashi ya gari ni kemikali zinazoruka hewani kwa urahisi, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na mafuta. Zikishapaa, hazikai hewani tu. Hutua kwenye vioo na dashibodi, na huzama ndani ya sponji la viti, kapeti, mikanda na kitambaa cha dari.

Joto ndilo linaloziamsha tena. Nje kukiwa na nyuzi 32, ndani ya gari iliyofungwa juani joto linaweza kupita nyuzi 45 ndani ya saa moja. Kila kilichozama kinapaa upya. Ndiyo maana asubuhi gari haina neno, saa nane mchana haikaliki.

Jengine ni AC. Ukiiweka kwenye kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari, inarudisha hewa ileile. Harufu haina pa kutokea.

Hatua ya 1: Toa chanzo chote

Tafuta kila kitu: kikopo cha jeli chini ya kiti, kibanio kwenye matundu ya AC, kadi kwenye kioo cha mbele, chupa kwenye buti. Vifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uvitoe nje ya gari. Kama chupa ilimwagika, kausha doa kwa kitambaa kikavu kwa kugandamiza. Ukisugua, mafuta yanasambaa.

Hatua ya 2: Litumie jua, kisha upepo

Lifunge gari juani kwa nusu saa, halafu fungua milango yote minne na buti, upepo upite. Joto linaitoa harufu kwenye sponji, upepo unaichukua. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Ukiishia kuifunga tu bila kufungua, harufu inapaa na kutua palepale. Hakikisha hakuna mtoto wala mnyama ndani.

Hatua ya 3: Futa sehemu ngumu

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo isiyo na harufu kali. Loweka kitambaa, kikamue sana, kisha futa dashibodi, usukani, milango na vioo kwa ndani. Ule ukungu unaoonekana kwenye kioo cha mbele usiku taa zikikupiga, sehemu yake yaweza kuwa mabaki ya marashi hayo. Rudia kwa maji matupu. Mafuta huondoka kwa sabuni, si kwa maji peke yake.

Hatua ya 4: Viti, kapeti na mikanda

Nyunyiza bekingi soda kavu kwenye viti vya kitambaa na kapeti, iache usiku kucha, asubuhi ifyonze kwa mashine. Angalia usinunue bekingi pauda, hiyo ni nyengine. Soda hupunguza harufu, lakini haimalizi mafuta yaliyoshika. Doa lenyewe lifute kwa kitambaa chenye povu la sabuni, kisha kwa chenye maji safi.

Usimwagie kiti maji. Hewa ya Unguja ina unyevu mwingi, na wakati wa masika sponji likilowa linaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka. Utatoa vanila, utaingiza ukungu. Chini ya viti pia kuna nyaya. Dari nayo ifute juujuu tu, maana kitambaa chake kimegundishwa kwa gundi na kikilowa kinaweza kuning'inia.

Mikanda ivute yote hadi mwisho, uifute na uiache nje ikauke kabla haijarudi ndani.

Hatua ya 5: AC na filta yake

Gari nyingi zinazoletwa kutoka Japani zina filta ya hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Filta iliyonyonya marashi kwa miezi haioshwi ikapona, badilisha. Ukipata yenye mkaa ndani yake, ni bora zaidi, kwani mkaa huo hunasa harufu.

Kisha egesha gari mahali pa wazi, fungua vioo, weka AC ichukue hewa ya nje na feni iende kasi kwa dakika kumi na tano. Usifanye hivyo ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa injini unaua.

Hatua ya 6: Makaa yasiyowashwa

Beseni la makaa makavu likikaa ndani ya gari usiku husaidia kunyonya harufu iliyobaki. Makaa ya jikoni hayana nguvu kama mkaa maalumu wa kunyonya harufu, kwa hiyo yape siku kadhaa. Yasiwashwe kamwe ndani ya gari, hata kwa ajili ya udi. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu.

Usifanye haya

Usipulize marashi mengine juu yake. Utapata harufu mbili badala ya moja.

Usichanganye siki na klorini ya kufulia, mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mashine za ozoni zipo, lakini hewa yake huumiza mapafu na huchakaza mpira. Waachie wanaoijua kazi, na gari ipitishwe hewa vya kutosha kabla ya mtu kuingia.

Marashi yanaweza kuficha ubovu

Kadi maarufu yenye umbo la mti ilibuniwa na mkemia Julius Sämann huko Watertown, New York, mwaka 1952, baada ya dereva wa gari la maziwa kulalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Tangu hapo kazi yake ni ileile: kufunika.

Hapo ndipo penye hatari, hasa kwa anayenunua gari iliyotumika. Marashi yakishaisha, nusa tena kwa makini. Harufu tamu kama sharubati inaweza kuwa maji ya rejeta yanavuja. Harufu ya petroli au plastiki inayoungua ni ya kupeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Harufu ya nguo mbichi ina maana kuna maji yanaingia mahali.

Utajuaje imetoka?

Usiiamini pua yako. Pua huzoea, ndiyo maana mwenye gari ndiye wa mwisho kuisikia. Muombe mtu ambaye hajaipanda gari hiyo aufungue mlango saa nane mchana, aseme anachosikia. Ikiwa bado, rudia hatua ya pili na ya tatu. Iliyokaa miezi inaweza kuchukua wiki mbili.

Na ukipeleka gari kuoshwa, sema mapema, kabla ndoo haijajazwa: "Msipulize marashi." Kwa waoshaji wengi hiyo ni zawadi ya mwisho kwa mteja, na kazi yako yote hurudi mwanzo kwa mpulizo mmoja.