Kijana wa Ndanda na sababu ya kukichagua chuo

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, na tangu siku hiyo nyumba nyingi za Masasi na Newala huingia katika shauri moja: kijana aende chuo gani? Baba ana lake, mama ana lake, na mjomba, ambaye katika koo za Kimakonde, Kimakua na Kiyao neno lake lina uzito, naye ana lake. Mwenye safari mara nyingi huwa wa mwisho kuulizwa. Akiulizwa, hujibu kwa ufupi kuwa anakitaka Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kwa kuwa ni chuo cha Waislamu. Jibu hilo ni jema, lakini ni nusu ya jibu. Wiki hii tunataka kuitafuta nusu ya pili pamoja na wazazi.

Ndanda si mahali pageni kwa elimu. Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, na watawa Wabenediktini wakaweka kituo chao Ndanda mwaka 1906. Shule zilizofuata zilikuwa za misheni, na wazee wetu wengi walisita kuwapeleka watoto huko wakichelea wasije wakarudi na dini nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyoipa serikali uwezo wa kuzichukua shule za aina hiyo, na leo Sekondari ya Ndanda ni ya serikali, mlango wake uko wazi kwa mtoto wa dini yoyote. Hata hivyo hofu ile ya wazee ilituachia desturi moja: kuipima shule kwa jina la mwenyewe kabla ya kutazama kinachofundishwa ndani yake.

Kiu ya kuwa na vyuo vyetu ilikuwa na haki yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na vijana wa Kitanzania wakavuka mpaka kukifuata. Mwaka 1998 Zanzibar ikapata vyuo viwili, cha Tunguu na cha Chukwani. Bara ilisubiri hadi mwaka 2005, pale Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilipoanza katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, ambayo serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliyatoa kwa Waislamu. Mkapa mwenyewe alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi, Mkristo aliyesoma Ndanda kabla ya kwenda Pugu na Makerere.

Tumemtaja Mkapa kwa sababu nyingine pia. Makerere hakusomea udaktari wala uhandisi. Alisoma lugha ya Kiingereza na fasihi yake. Kwa elimu hiyo alihariri magazeti, akawa balozi, akawa waziri, kisha Rais kwa miaka kumi. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba lugha, historia na elimu ya dini ni masomo ya walioshindwa hesabu, na autazame mfano huo uliotoka wilayani kwake. Masomo ya sanaa humfundisha mtu kusoma kwa makini, kupima hoja na kuandika ili aeleweke. Lakini tusidanganyane: shahada ya sanaa haimwiti mwajiri yenyewe. Anayeichagua lazima ajue anakwenda kuifanyia nini.

Hapa ndipo inapopatikana nusu ya pili ya jibu. Tumchukue kijana wa mfano, aliyezaliwa kijijini chini ya mwinuko wa Makonde, akamaliza kidato cha sita Ndanda. Amekua akiona jambo moja likijirudia. Mume anafariki, anaacha mjane, watoto na shamba la mikorosho. Kwa mila ya ukoo wa mama, wapwa wa marehemu wanakuja kudai mikorosho ya mjomba wao. Kwa sharia ya Kiislamu, watoto ni warithi, na mjane mwenye watoto ana fungu lake la thumuni. Shauri linafika Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa hapa Bara hukumu ya kadhi haina nguvu ya dola. Mjane anasimama pale hajui hata ombi lake liandikwe vipi. Shehe anayajua mafungu lakini hajui taratibu za mahakama. Karani anazijua taratibu lakini hayajui mafungu.

Kijana huyo akisema, "Nataka Morogoro kwa sababu pale sheria ya nchi na sharia ya Kiislamu husomwa katika shahada moja, nami nataka kurudi Masasi nisimame na watu hawa," huyo amejibu. Sababu yake haiwezi kuhamishiwa chuo chochote kingine. Chuo cha Tunguu nacho kina somo hilo, basi atapima vyote viwili kwa nauli, kwa ada na kwa umbali, badala ya kupima kwa sifa za mitaani. Atapaswa pia kujua kwamba shahada pekee haimfanyi kuwa wakili. Baada yake iko Shule ya Sheria kwa Vitendo, nayo ina gharama zake.

Vivyo hivyo kwa binti anayetaka kuwa mwalimu wa Kiswahili au Kiarabu. Akigundua kwamba chuo kilicho karibu zaidi, kama kile cha Stella Maris cha Mtwara kilicho chini ya Kanisa Katoliki, kina mafunzo ya ualimu anayoyahitaji na kitaipunguzia familia mzigo wa nauli na pango, asionekane ameisaliti dini. Swala tano zitaswaliwa Mtwara kama zinavyoswaliwa Morogoro. Wazazi watakachouliza ni mahali pa kulala penye stara na watu wa kumwangalia, maswali ambayo chuo cha Waislamu nacho lazima kiulizwe.

Kisha kuna fedha. Vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza. Korosho zikishapelekwa ghalani, malipo husubiri mnada, na ofisi ya ada haisubiri mnada. Familia yenye busara huanza kuweka akiba tangu msimu uliotangulia, wala haingoji barua ya kuitwa chuoni. Kuhusu mkopo wa serikali, wapo waliouepuka kwa kuhofia riba. Mei Mosi mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Mwenye shaka iliyobaki na aupeleke mkataba kwa mwanachuoni anayemwamini, ausome mbele yake, kuliko kukata shauri kwa uvumi. Deni lenyewe ni amana: sheria humkata aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara mpaka limalizike.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi wafanye jambo dogo kabla dirisha la maombi halijafungwa. Mpeni kijana karatasi moja aandike majibu manne. Atasoma nini hasa, na kwa nini hakisomeki karibu zaidi? Gharama yote ya mwaka ni kiasi gani, kuanzia ada hadi sabuni? Akimaliza atafanya kazi gani, na wapi? Chuo hicho kisipomchukua, cha pili ni kipi? Baba, mama na mjomba waisome karatasi hiyo mbele yake, wamsikilize mpaka mwisho, ndipo waseme.

Akishindwa kuyajibu, kosa si lake peke yake; huenda hatukuwahi kumzoesha kuulizwa. Akiyajibu, mikorosho itakayouzwa kwa ajili yake itakuwa imeuzwa kwa jambo linalojulikana, naye ataondoka Ndanda akijua anachodaiwa na waliobaki. Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na awape wazazi subira ya kuwasikiliza. Amin.