Ni Nani Aliyemfungulia Mlango?

Muhula uliopita, katika shule ninamofundisha, alama za hisabati za mwanafunzi mmoja zilipanda kutoka 38 hadi 83 kwa usiku mmoja. Kijana aliitwa, akakiri, akafukuzwa. Lakini ni nani aliyemfungulia mlango? Seva yetu hutumia Linux, ambamo kila faili ina haki za aina tatu ya watu: mwenyewe, kikundi chake na wengineo. Kusoma ni 4, kuandika 2, kutekeleza 1. Faili ya alama ilipewa 777, yaani kila mtu afanye apendalo, eti sisi walimu tusisumbuke, nami sikupinga. Ingetosha 640: mwenyewe aandike, wenzake wasome tu, wengineo wasiifungue kabisa. Kijana yuko kwao. Faili, nilipoitazama jana, ingali 777.