Mwaka wa Lugha Mjini Beijing

Mtanzania anayepewa ufadhili wa Serikali ya China ili asomee shahada inayofundishwa kwa Kichina kwa kawaida huanza kwa mwaka wa maandalizi, yaani mwaka ambao kazi yake kubwa ni kujifunza lugha, kisha hupimwa kwa HSK, mtihani wa umahiri wa Kichina kwa wageni. Chuo Kikuu cha Lugha na Utamaduni cha Beijing, kilichoanzishwa mwaka 1962 kwa ajili ya kuwaandaa wanafunzi wa kigeni, ni miongoni mwa vyuo vyenye uzoefu mrefu wa kazi hiyo.

Kwa kijana aliyekulia Kimwani, wilayani Muleba, ambako joto halipandi wala kushuka sana mwaka mzima, taabu ya kwanza haitoki darasani. Huko Beijing joto hushuka chini ya nyuzi sifuri wakati wa baridi. Saa za huko, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, zimetangulia za Afrika Mashariki kwa saa tano, hivyo anayetoka darasani jioni huwapigia simu wazazi walio bado katika shughuli za mchana. Tena mgeni asiyelala hotelini hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24, na kibali cha ukaazi huombwa ndani ya siku 30. Malipo mengi hufanywa kwa simu, na mgeni anayetaka namba ya simu na akaunti ya benki za China hulazimika kujieleza mbele ya karani, naye bado hajui kujieleza.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo haendi mikono mitupu. Amezungumza Kihaya nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo Kichina ni lugha yake ya nne. Zaidi ya hayo, Kihaya kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno, jambo ambalo Kiswahili hakina; toni nne za Kichina hufanya kazi kwa namna nyingine, lakini sikio lililozoea kusikiliza sauti inavyopanda na kushuka lina msingi wa kuanzia.

Faida ya msingi huo hupotea haraka pale Watanzania, Wakenya na Waganda wanapokaa pamoja bwenini, wakapika ugali na kuzungumza Kiswahili hadi usiku. Faraja hiyo ni ya lazima, hasa miezi ya mwanzo, na haifai kulaumiwa. Lakini anayepangiwa chumba kimoja na mwenzake kutoka Korea au Uzbekistan asiyejua Kiswahili wala Kiingereza hulazimika kuomba chumvi, kulalamikia kelele na kuomba radhi kwa Kichina, na vyuo vingewasaidia zaidi wanafunzi kama vingepanga vyumba kwa kuzingatia jambo hilo. Mwaka ukiisha, wengi hupelekwa vyuo vya miji mingine kama Wuhan au Nanjing, ambako mhadhiri hutumia Kichina sanifu walichofundishwa, ilhali muuza mboga sokoni huzungumza lahaja ya kwao.